Vikombe Vilivyowekwa Chini

Wageni walisema watakuja Ijumaa baada ya alasiri, na tangu asubuhi Ghaliya alikuwa jikoni akikaanga katlesi kwa hasira.

"Wanakuja kuomba, na sisi tunawapikia," alisema.

"Ni wageni," Thabit, mumewe, alimjibu.

"Nnajua ni wageni. Na mwanangu je, ni nani?"

Thabit alimsogezea sinia. Alikuwa mtu wa sauti ya chini tangu ujana wake, lakini siku hizi hata ile sauti ya chini ilikuwa na uchovu ndani yake. Alikuwa halali vizuri tangu Loai aumie.

Loai, mtoto wao wa pili na mwanamume wa pekee, alikuwa mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kikuu kikubwa cha Maskati. Chuoni hapo kulikuwa na kundi la wanafunzi waliojiita Watu wa Shamba. Chuo hakikuwaandikisha wala kuwakataza. Hao ndio waliojua mwalimu gani ni mkali na gani anasikiliza, na ndio waliovutana mikono kuingia kwenye makampuni ya mafuta wakimaliza masomo. Kila mwanzo wa mwaka walikodi shamba upande wa Barka, wakachinja mbuzi, wakapiga muziki, wakawaalika wanafunzi wapya waliowachagua. Watu wakishashiba, wapya walifungwa macho kwa vilemba, wakapandishwa juu ya kibanda cha pampu, wakaambiwa waruke bwawani. Hawakutakiwa kuuliza maji ni kiasi gani. Aliyeuliza hakualikwa tena.

Loai hakuuliza. Maji yalikuwa ya magotini.

Walimbeba mikono na miguu, wakamlaza kiti cha nyuma cha gari, wakamwacha kwenye mlango wa hospitali pamoja na maneno ya kusema: alianguka ngazini. Akayasema kwa daktari, kwa mama yake, na kwa watu wa chuo walipokuja kumtazama. Kisigino chake kilikuwa kimevunjika vipande na pingili moja ya mgongo imepasuka, na bado aliyasema bila kigugumizi.

Ukweli ulitoka kwa Muatasim, mwanafunzi mpya mwenzake, aliyekuwa nyuma yake pale juu ya kibanda na ambaye aliposikia ule mshindo alijifungua kilemba na kushuka. Alimwendea Hajar, dada yake Loai, kazini kwake Khuwair ya Kusini, akamweleza yote akiwa amesimama, akaenda zake. Hajar akamwambia baba yake. Thabit akapeleka malalamiko, na chuo kikaunda kamati iliyopangwa kukaa Jumapili. Wa kwanza kuitwa angekuwa Aflah bin Musallam, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mkubwa wa lile kundi.

Lakini lililomnyima Thabit usingizi halikuwa mgongo. Mgongo daktari alisema utapona. Lilikuwa jambo ambalo Loai mwenyewe alimwambia siku alipojua habari ya malalamiko.

"Yaondoe, baba. Mimi nimeshapita."

"Umepita wapi?"

"Si nimeruka? Mimi ni mtu wa shamba sasa. Aliyeshindwa ni Muatasim."

"Na mwakani?"

"Mwakani nitakuwa juu, mimi ndiye nitakayefunga watu macho." Loai alicheka, kisha akajishika mgongo. "Ndivyo inavyokwenda, baba. Usinitie aibu."

Thabit alilifikiria neno hilo siku nyingi, taratibu, kama alivyofikiria kila kitu. Hakutamani kuona mtoto wa mtu akifukuzwa chuo. Alitaka Loai amsikie Aflah, kwa kinywa chake Aflah, akikiri kwamba ule mchezo ulikuwa kosa. Alihofu kwamba Loai asipomsikia akikiri, mwakani angekuwa juu ya kibanda kweli.

*

Walikuja wanaume watu wazima tu, baba na ami wa wale vijana, kanzu nyeupe na vilemba vilivyofungwa vizuri, wakaketi kuizunguka sebule ya wageni. Mbele yao alikuwa Musallam, baba yake Aflah, mtu mrefu wa makamo, mpole. Alimwulizia Loai kwanza, akamwombea dua, na ilionekana anaiomba kwa moyo. Thabit akawamiminia kahawa kwa mkono wake.

Musallam alikipokea kikombe, akakiweka chini juu ya zulia. Wenzake wote wakafanya vile vile.

"Abu Loai," alisema kwa Kiarabu, "tuna haja kwako. Vijana wamekosa, hatubishi. Tumekuja kukutaka uyaondoe malalamiko, na sisi wenyewe tutawatia adabu."

Thabit alikuwa ameshatayarisha jibu. Alikuwa amelipanga tangu alfajiri: ataanza kwa kuwashukuru, kisha ataeleza kwamba hana kisasi, kisha atasema sharti lake. Akakohoa kidogo, akavitazama vile vikombe. Moshi wake ulikuwa unakwisha. Nyumbani kwa mama yake, Malindi ya Unguja, kahawa ya mgeni kupoa mbele yake ilikuwa aibu ya nyumba nzima; mama alikuwa hasikii la mtu mpaka mgeni anywe. Na mdomo wa Thabit, uliolelewa na mama huyo, ukatangulia.

"Kunyweni, jamaa," alisema. "Kunyweni, kahawa inapoa."

Musallam alimtazama kama mtu asiyeamini alichosikia, na macho yake yakalowa.

"Mungu akuzidishie heshima," alisema. Akanywa. Wote wakanywa, wakainuka, wakamshika mikono, na mmoja akambusu bega. Thabit bado alikuwa anatafuta pa kuingilia na yale maneno yake ya alfajiri, na magari yalikuwa yanaondoka. Katlesi hazikuguswa.

Hajar aliingia kutoka nyuma ya mlango.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimewakaribisha kahawa."

"Wameweka vikombe chini, baba! Hujui maana yake? Mtu akiweka kikombe chini ana haja. Ukimwambia anywe, umempa."

Thabit aliketi. Aliwahi kulisikia jambo hilo, tena zaidi ya mara moja, likitajwa kama mtindo wa watu wa miji ya ndani. Lakini maisha yake ya Maskati yote yalipita baina ya jamaa waliotoka Unguja kama yeye, na kwao mtu aliomba huku anakunywa, akaomba tena huku anakula. Hapajawahi mtu kumwekea kikombe chini.

"Wapigie simu," alisema Ghaliya. "Waambie wewe mtu wa Unguja, hukujua."

"Miaka yote hii hapa, nnaanzaje kusema sikujua? Na wameshakunywa, Ghaliya."

"Kwa hiyo ndiyo basi? Mtoto wangu mgongo umepasuka, na kesi imekwisha kwa kikombe cha kahawa?"

Chumbani, Loai alikuwa amesikia yote. Alikuwa anacheka, kicheko chake cha kwanza tangu hospitali.

"Baba, hata wakili asingeweza!" alipiga kelele. "Ahsante sana!"

Thabit alikusanya vikombe mwenyewe, akaviosha kimoja kimoja. Vilikuwa vitupu vyote.

*

Asubuhi alimwambia Loai avae kanzu.

"Tunakwenda wapi?"

"Sib. Kwa Musallam. Wametutembelea, na sisi tuwatembelee."

Loai alifurahi. Ghaliya alimtazama mumewe, akataka kusema kitu, kisha akamletea mwanawe mto wa kuegemea garini. Njia haikuwa ndefu, lakini kila tuta la barabarani Loai alikunja uso, na Thabit alikuwa anayavuka polepole mpaka madereva wa nyuma wakawa wanampigia honi.

"Nenda tu, baba, siumii."

"Unaumia."

"Kidogo."

Musallam aliwapokea mlangoni kwa furaha kubwa, akamshika Loai mkono mpaka akaketi na magongo yake yakaegemezwa ukutani. Kama ilivyo desturi, kijana wa nyumba ndiye aliyemimina kahawa: Aflah, dele katika mkono wa kushoto, vikombe katika mkono wa kulia. Alikuwa kijana mzuri, mchangamfu, na Thabit, aliyekuja na picha nyingine kichwani, hakuweza kumchukia.

"Karibu, bwana ngazi!" Aflah alimnong'oneza Loai.

"Ngazi zenu zinateleza," Loai alimjibu, na wote wawili wakajizuia kucheka.

Thabit alipokea kikombe chake, akakiweka chini.

Aflah alisimama pale pale na dele lake. Musallam alikitazama kikombe, kisha akamtazama mwenye kikombe.

"Una haja, Abu Loai?"

"Ninayo."

"Na neno la jana?"

"Lipo pale pale. Kesho asubuhi nitayaondoa malalamiko." Thabit akaona afadhali aseme. "Lakini nisikufiche. Jana sikukusudia. Niliona kahawa inapoa. Ni adabu ya kwa mama yangu."

Musallam alimkodolea macho. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye naye amechoka.

"La ilaha illallah. Na sisi tulirudi njia nzima tunakusifu."

"Mmekunywa. Neno ni neno."

"Basi sema haja yako."

"Kamati haitaweza kumwita Aflah tena. Naomba aende kwa miguu yake. Aseme kuhusu bwawa, aseme kuhusu vilemba, na aseme nani alimfundisha mwanangu habari ya ngazi. Na kabla ya kuyasema huko, ayaseme hapa, Loai amsikie."

"Baba!" alisema Loai kwa Kiswahili. "Baba, tafadhali."

Musallam alimtazama mwanawe. "Wanaweza kumfukuza," alisema.

"Wanaweza."

"Ni mwaka wake wa mwisho, Abu Loai."

"Wangu yuko wa kwanza," alisema Thabit. "Ndiyo maana nimekuja."

Nje mtu alikuwa anaosha gari, na maji yalisikika yakipiga bati. Musallam alijifuta uso kwa kiganja.

"Hili si langu la kutoa," alisema hatimaye. "Mimi sikuwepo shambani. Mwulize mwenye dele. Akikwambia unywe, utakunywa."

Aflah alimtazama baba yake, akasubiri aseme jingine. Hakusema. Akamgeukia Loai, na ule uchangamfu bado ulikuwa usoni pake, ila umelegea.

"Mwambie ami, Loai. Mwambie sisi ni ndugu. Hakuna aliyekulazimisha. Kila mtu ameruka, hata mimi niliruka."

"Ndiyo," alisema Loai. "Uliruka."

Kikombe kilikuwa mkononi mwake, hajakinywa. Alikuwa anakizungushazungusha. Thabit alitaka kumsaidia neno, akajizuia.

"Mwaka ulioruka wewe," Loai alisema, "maji yalikuwa kiasi gani?"

Aflah alilitazama dele lake.

"Nauliza tu."

"Haiulizwi hiyo. Unajua haiulizwi."

"Najua. Yalikuwa kiasi gani?"

"Yalikuwa..." Aflah alionyesha kifuani, kwa ule mkono wenye vikombe, na vikombe vikagongana. "Hapa."

"Na yangu?"

Musallam alifumba macho. Loai aliinama kwa shida, mkono mmoja mgongoni, akakiweka kikombe chake juu ya zulia, karibu na cha baba yake. Ilimchukua muda. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Aflah alibaki amesimama mpaka ikawa vigumu kumtazama. Kisha akaliweka dele kwenye sinia na kuketi mbele ya Loai, sakafuni, mahali ambapo kijana mwenye kumimina kahawa haketi.

"Tuliyafungulia maji yatoke mchana," alisema. "Mimi ndiye niliyesema. Miaka iliyopita watu waliruka wakacheka tu, ikawa haina maana. Nikasema tuyapunguze, waogope kidogo. Tukaanza kuchoma nyama, nikasahau kufunga."

"Ulisahau?"

"Wallahi nilisahau. Nilikumbuka ulipokuwa juu." Alilitazama zulia. "Ulipokuwa juu nilikumbuka. Watu wote walikuwa wanakutazama, wanapiga makofi. Nikasema, labda hayajafika chini sana. Sikutaka kuusimamisha mchezo."

Loai alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekumbuka jambo lililokuwa limempotea.

"Nilisikia makofi," alisema. "Nikadhani mnanipenda."

Musallam aligeuka ukutani. Thabit aliyatazama magongo ya mwanawe. Alitegemea kwamba akimsikia Aflah anakiri atapata ahueni, na labda ahueni ingekuja baadaye. Kwa sasa aliwaonea huruma wote wawili, na alikuwa amechoka sana.

"Kamati inakaa saa ngapi?" Aflah aliuliza, bila kumtazama mtu.

"Asubuhi," alisema baba yake. "Nitakupeleka mimi."

Aflah aliinuka. Alivichukua vile vikombe viwili vilivyopoa, akamwaga kahawa kwenye bakuli, akamimina nyingine. Kidogo ikamwagikia zulia.

"Kunywa, ami," alimwambia Thabit. Kwa Loai hakusema kitu, alimpa tu.

Loai alimngoja baba yake. Thabit akanywa. Kahawa ilikuwa ya moto na kali, na alichokitamani baada ya hapo kilikuwa kitanda chake tu.