Mkono wa Gonaria

Mimi siwezi kuangalia mieleka nikiwa nimekaa. Siku ile mdogo wangu Gonaria alipopanda mkekani kupigania tiketi ya Olimpiki, nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta ya baa yangu, kitambaa begani, na kabla refa hajapuliza filimbi nilikuwa nimeshavunja glasi mbili. Kijiji kizima kilikuwa humo ndani. Wachungaji walikuwa wamewaachia mbwa kondoo wao, na padri alikuwa ameharakisha misa mpaka bibi mmoja akamlalamikia mlangoni.

Gonaria alikuwa na miaka thelathini na minne. Yale yalikuwa mashindano ya mwisho ya kufuzu, na pambano lile ndilo lililotoa tiketi: anayeshinda anakwenda, anayeshindwa anarudi nyumbani. Olimpiki ilikuwa imeshampita mara tatu, mara moja kwa sababu ya goti, mbili kwa sababu ya pointi moja. Asubuhi alinipigia simu.

"Pasqua, leo nikishindwa navua viatu."

"Acha mkosi wewe!"

"Sikutanii, dada. Naviacha pale pale, nakuja kukamua kondoo."

Wanamieleka ndivyo wanavyoaga kazi. Unavua viatu, unaviweka katikati ya mkeka, unaondoka peku mbele ya watu wote. Nikamwambia kondoo wa baba hawamtaki, wanataka mtu mwenye subira. Akacheka. Mimi nilikata simu nikalia jikoni, kisha nikaenda kukata jibini, maana watu walikuwa wameanza kugonga mlango.

Na mpinzani mwenyewe sasa! Kati ya wanawake wote wa dunia hii, kura ilimwangukia Tuva Hallgren wa Uswidi.

Huyo Tuva tunamjua. Hapa kwetu milimani Sardinia, kisiwa cha Italia, tuna mieleka yetu ya wachungaji. Mnakumbatiana, mikono mmeifunga mgongoni kwa mwenzio, na anayetangulia chini ameshindwa, basi. Kisha mshindi anamnyooshea mkono aliyeanguka, anamwinua, wanakwenda kunywa divai pamoja. Usipomwinua, hata mama yako mzazi atakuonea haya. Baba yetu, Bachisio, alimfundisha Gonaria hayo nyuma ya zizi akiwa mtoto mdogo, na haikuchukua muda wavulana wa kijiji wakaanza kumkimbia.

Alipokwenda bara kujifunza mieleka ya mtindo huru, hii ya Olimpiki, nguvu alikuwa nazo na kumbatio alikuwa nalo. Tabu ilikuwa ule mkono. Kwenye mtindo huru kumwangusha mtu si mwisho wa mambo. Inabidi umgandamize mabega yote mawili chini mpaka refa apige mkeka; hapo umeshinda, hata kama pointi huna. Pambano lake la kwanza na wageni, akiwa na miaka kumi na saba, alimnyanyua msichana wa Kiswidi akambwaga chali, ukumbi ukasimama. Halafu Gonaria wetu akainuka, akajipangusa, akamnyooshea mkono. Yule msichana aliutazama, akaudaka, akauvuta, na kufumba na kufumbua mdogo wangu ndiye aliyekuwa chali. Msichana ndiye huyo Tuva.

Tulimcheka mwaka mzima. Alikuwa hapiti barabarani bila mtu kujitupa chini na kulia, "Gonaria, niinue!" Kocha wake wa Roma alimpigia kelele miaka nenda miaka rudi: gandamiza, usimwachie! Na alijifunza. Alikuwa bingwa wa Italia mara nyingi hata nikaacha kupaka rangi ukuta wa baa, maana hauonekani kwa picha zake. Lakini mimi dada yake namjua. Akichoka sana, anamwangusha mtu na kwa nukta moja mwili wake unaamini kazi imekwisha.

Basi siku ile alichoka. Dakika ya tano kati ya sita ilikuta Tuva ana pointi tano, sisi sifuri.

"Mzee Bachisio," akaita Costantino, muuza nyama wetu, mdomo umejaa soseji, "huyu binti yako leo amekwenda kucheza au kusalimia?"

"Funga bakuli lako," baba akamjibu.

"Mswidi anamzungusha kama pia!"

"Wewe una nini cha kusema? Kazi yako kupigana na ng'ombe waliokwisha kufa!"

Baa ikaangua kicheko, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha woga. Muda ulikuwa unayoyoma. Mimi nilikuwa nimeng'ata kitambaa. Nilishaanza kuviona vile viatu pale katikati, vyekundu, vimekaa peke yao, na nikamchukia kila Mswidi aliyewahi kuzaliwa, Mungu anisamehe.

Kumbe Tuva alitaka na pointi ya sita. Badala ya kukaa mbali akalinda zake, alijitosa tena kutafuta mguu. Gonaria akamzuia, akapitisha mikono chini ya makwapa, na viganja vyake vikakutana mgongoni kwa Tuva.

Costantino akaacha kutafuna. Lile kumbatio kila mtu mle ndani alilijua tangu utotoni.

"Amemshika," baba akasema taratibu. Halafu akapiga meza ngumi, divai ikaruka. "Amemshikaaa!"

Gonaria akajipinda kwa nyuma. Miguu ya Tuva ikaacha mkeka, ikapita juu, na mgongo wake ukatua kwa kishindo kilichotikisa hata televisheni yangu. Pointi nne! Tumebakisha moja, na saa inakaribia kuisha. Watu walikuwa juu ya viti, padri alikuwa juu ya meza na viatu vyake.

"Usimwachie!" baba akanguruma. "Usimpe mkono!"

"Mzee, si wewe uliyemfundisha kuinua watu?" Costantino akapiga kelele.

"Atamwinua baadaye! Mgandamize, mwanangu! Mgandamize!"

Nikaona mkono wa kulia wa Gonaria unalegea. Nawaapia, niliuona. Vidole vilifunguka. Tuva naye aliuhisi, akaanza kujigeuza, bega moja likanyanyuka. Nikapiga yowe ambalo sijawahi kupiga hata nilipokuwa nazaa. Vidole vikafunga tena. Gonaria akalala juu yake kwa uzito wake wote, macho amefumba, refa amelaza shavu sakafuni anatazama yale mabega, kiganja chake kiko hewani, kiko hewani, kiko hewani, kisha paa!

Alipiga mkeka, na kengele ikalia baada yake.

Sijui ni nani aliyenikumbatia. Nakumbuka Costantino analia na soseji mkononi, anambusu baba kichwani, na baba hamfukuzi. Nakumbuka mimi nikipiga sufuria kwa mwiko, nikipayuka, "Tunakwenda! Tunakwenda!"

Kwenye televisheni Gonaria hakurukaruka. Aliinuka, akajipangusa, akamnyooshea Tuva mkono.

"Ee Mungu, atamvuta tena!" mtu akasema, na tukacheka wote.

Tuva aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha akaushika, akainuka. Tulidhani yamekwisha, lakini refa alipomaliza kumtangaza mshindi, Tuva alirudi katikati ya mkeka, akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa amekumbuka kwamba naye alikuwa na miaka thelathini na sita, na kwamba hii ilikuwa ya mwisho kwake pia. Nikaiweka sufuria chini, nikaona aibu.

Wanamieleka hufunga kamba zao kwa plasta zisifunguke. Plasta ya Tuva iligoma kutoka, akawa anaikwaruza kwa kucha mbele ya ukumbi mzima. Gonaria akarudi, akapiga magoti, akaukamata ule mguu na kuichana plasta kwa meno. Viatu vikatoka vyote viwili. Wakaviweka pamoja katikati, wakaondoka wameshikana mikono, mmoja peku.

Baba alijifuta uso kwa kofia yake.

"Pasqua, divai."

"Ya nani, baba?"

"Ya watu wote. Halafu mpigie mdogo wako, mwambie asije peke yake. Yule msichana hatukumnywesha ile mara ya kwanza."

Nilipiga simu, na kabla sijafungua mdomo Gonaria alikuwa ameshaanza kupiga kelele upande wa pili.

"Dada! Una viatu vya namba arobaini? Nakuja na mgeni!"