Taa Alizoziona Kepteni

Kepteni aliingia kwenye mashine ya mazoezi na kikombe cha kahawa mkononi, kana kwamba kaja kupiga soga. Mashine yenyewe ni chumba cha rubani kisicho na ndege, kimesimama juu ya miguu ya chuma. Mimi mtahini hukaa nyuma, nikiwapangia marubani hali ya hewa. Akishindwa leo, leseni yake inabaki mezani kwangu. Alilijua hilo, na bado akaniita binti.

"Binti, usitucheleweshe. Nilikuwa narusha ndege wewe ukiwa bado unanyonya."

Debe tupu. Nilikaa pembeni yake miaka miwili nikiwa rubani msaidizi, sina jipya la kuambiwa juu yake.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Unateremka ndani ya ukungu ukifuata mishale miwili ya vipimo, hadi futi mia mbili juu ya ardhi. Hapo ukiiona njia ya kutua, tua. Usipoiona, paa tena, na hakuna atakayekucheka.

Tangu futi elfu moja aliiacha mishale iende ilikotaka. Macho yake yalikuwa dirishani, kama abiria.

"Futi mia mbili," alisema rubani msaidizi aliyekaa pembeni yake.

"Naiona njia. Natua."

"Hata mimi naiona, Kepteni."

Bendera hufuata upepo. Nikaisimamisha mashine palepale.

"Mmeona nini?"

"Taa," Kepteni akasema, macho makavu. "Nyeupe, pande zote mbili. Au wewe huoni vizuri?"

Nikamgeuzia skrini yangu. Umbali wa kuona: mita sifuri. Taa za uwanja: zimezimwa. Nilizizima mwenyewe, yeye akinywa kahawa.

Akaitazama. "Basi futa hiyo, turudie."

"Sifuti." Nikaandika ameshindwa. Nilimdharau mno mtu yule, na kalamu ilinitembea vizuri.

Nikachukua fomu ya msaidizi. Alikuwa amegeuka, ananitazama.

"Mwalimu, kusema kweli sikuona kitu. Lakini yeye ndiye kepteni. Ningesemaje?"

Nilikuwa na jibu la kumkata maini. Lakini miaka tisa iliyopita, kwenye kiti kama kile, pembeni ya mtu huyuhuyu, katika ndege ya kweli yenye abiria themanini na wawili, nami nilisema naiona.

Nikamwandika naye ameshindwa, kalamu ikinikwama kwa kila herufi.