Bonge na Tumbo Lake Jipya

Mimi ndiye niliyezaa mtoto mzito kuliko wote wodini siku ile, na mkunga mwenyewe alikiri, akamnyanyua juu kila mtu amwone. Ukweli ni kwamba wodini tulikuwa wazazi wawili tu, na mwenzangu alijifungua mapacha, kwa hiyo wake waligawana uzito. Lakini sifa ni sifa, nami nimeitumia miaka yote hii bila kuulizwa.

Mtoto huyo ndiye Bonge. Ana jina lake la heshima, ila tangu shule ya msingi halitumiki, na mimi nikimwita nalo anajua nimekasirika. Ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Anapika wali kwenye sufuria ambalo mimi ningeweza kuogea humo na bado nikapata nafasi ya kunyoosha miguu. Mumewe aliondoka zamani akisema kitanda hakimtoshi, tukamkumbusha kwamba kitanda kilikuwa cha Bonge. Sasa tunaishi wawili, mama na mwana, vyumba viwili na kochi moja lililobonyea upande mmoja. Upande huo si wangu.

Unene wenyewe haukunisumbua. Kilichonisumbua ni usingizi wake. Ukuta kati ya vyumba vyetu ni mwembamba, nasikia kila kitu. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Pumzi imekatika. Mimi nakaa kitandani nimekamata shuka, nasubiri, mpaka ashtuke na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka majini, aanze tena. Sijawahi kuupenda mkoromo wa mtu kama nilivyoupenda wa Bonge. Mchana nilikuwa nasema, "Jana umekoroma vizuri sana, mwanangu," naye anadhani namtania.

Juu ya hayo kulikuwa na sukari, kulikuwa na presha, na magoti yalikuwa yakilia kama mlango mbovu. Daktari akasema apimwe uzito kwanza. Mizani ya kliniki ilifika mwisho ikagoma. Nesi akamwambia, kwa upole tu, kwamba atafute mizani kubwa zaidi, uzito wowote atakaoleta wataupokea.

Mizani kubwa ilikuwepo kiwandani, ghalani, ile ya sakafuni wanayopimia marobota ya pamba. Mtunza ghala ni mtu mwema. Aliwatoa vijana wote nje, akafunga mlango, akageukia pembeni Bonge alipopanda. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akachukua chaki akaandika uzito ukutani, kama anavyoandika wa kila robota linaloingia, na akasahau kufuta.

Kesho yake foleni ya chakula ilikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Bonge akarudi nyumbani, akakaa upande wake wa kochi.

"Mama, nimeandikwa ukutani."

"Wameandika nini?"

"Kilo zangu. Niko katikati ya robota na robota."

Nina mzaha wa kila jambo. Msibani watu wananiketisha nyuma ili nisiwavunje mbavu. Siku hiyo niliinuka tu nikaenda kumpakulia chakula.

Tukaenda kwa daktari wa upasuaji. Kijana mzuri, mikono misafi kupita kiasi. Alichora tumbo la chakula kwenye karatasi, akalikata kwa kalamu.

"Sehemu hii kubwa tunaitoa, mama. Tunabakiza hii nyembamba, kama ndizi."

"Na hiyo mnayotoa mnaipeleka wapi?"

Akacheka, lakini hakunijibu, na mpaka leo sijui. Akaendelea kueleza kwamba si dawa ya miujiza. Atakula kidogo sana maisha yake yote, atameza vidonge vya vitamini, hatakunywa maji pamoja na chakula. Wapo wanaopona vizuri na wapo wanaopata shida. Kukaa hivi hivi nako ni hatari, tena kubwa zaidi.

Bonge akanigeukia. "Mama, nifanye au nisifanye?"

Mimi ambaye huwa najibu hata maswali ya majirani wasioniuliza, nikasema, "Daktari ndiye anajua."

"Uamuzi ni wa mgonjwa," daktari akasema.

"Na mgonjwa anamwuliza mama yake," Bonge akasema.

Tukatazamana watatu kama watu waliojifungia nje na kuacha ufunguo ndani. Mwishowe Bonge akakunja ile karatasi ya ndizi, akaitia kwenye mkoba.

"Nifanye tu. Nimechoka kujua kwamba mama yuko macho ananisikiliza."

Kumbe alikuwa anajua.

Upasuaji ulikwenda salama. Nilimpokea nyumbani na vijitundu vidogo tumboni vilivyobandikwa plasta, na amri ya kunywa maji kwa kudokoa, funda dogo, apumzike, funda dogo. Mtu aliyekuwa akinywa chai kwenye jagi. Nilikaa mbele yake na kikombe cha mtoto mdogo, tukidokoa maziwa asubuhi nzima. Tulipomaliza nusu yake alikuwa amechoka kama mtu aliyelima shamba.

Nikuambie kitu. Mimi shule niliishia darasa la saba, na katika maisha nimejua njia moja ya kumsaidia mtu: nampakulia. Kama analia, nampakulia, na kama ameachwa, kaoa au kafiwa, nampakulia vilevile. Sasa mwanangu yuko mbele yangu, mwiko uko mkononi, na mwiko hauna kazi.

Kilo zikaanza kuporomoka. Kwanza tulishangilia. Sukari ikashuka, magoti yakanyamaza, akapanda ngazi za kliniki bila kusimama. Mkoromo ukaisha kabisa, na hapo nikapata tabu mpya. Nimezoea kuogopa kimya, kwa hiyo kimya kikija nainuka, nakwenda kusimama mlangoni kwake, naangalia kama shuka linapanda na kushuka.

"Mama, nimelala," anasema humo gizani.

"Najua. Natafuta kandambili."

Gauni zake tukazibana kwa pini, kisha kwa uzi, kisha tukaziacha. Kiwandani wale wale wa foleni wakaanza kumwita Mrembo, wengine Bonge la Zamani. Mtunza ghala, masikini, alipaka ukuta wote chokaa upya kwa majuto.

Halafu nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Mashavu yakaingia ndani. Nikaona mifupa ya mabega ambayo sikuwahi kujua kwamba nilimzaa nayo.

Alinieleza kilichotokea baada ya kumbana sana. Siku moja kazini alikuwa na haraka, akameza kipande cha nyama amesimama, hakukitafuna sawasawa. Kikakwama. Jasho likamtoka, mate yakamjaa, akatapika palepale kwenye dirisha la kupakulia, foleni nzima ikitazama.

"Tangu siku ile nikishika kijiko moyo unaenda mbio," akasema. "Naogopa kijiko, mama."

Nikacheka. Mpishi kuogopa kijiko, nani asingecheka. Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha.

Kliniki wakasema damu imepungua na mwili unakula misuli yake wenyewe. Mtaalamu wa lishe, mama mmoja mnene kidogo, jambo lililonipa imani naye, akatuelekeza: mayai, samaki aliyepondwa, maharage yaliyosagwa laini, vijiko vichache mara nyingi kwa siku. Akiendelea kushuka watamlaza na kumlisha kwa mpira.

Hapo sasa nikapata kazi. Kila asubuhi nilichemsha samaki, nikatoa miba moja moja kwa vidole, maana macho yangu hayaaminiki, nikamponda na kiazi kidogo mpaka akawa kama uji mzito. Nikatia kwenye kikopo chenye kifuniko, Bonge akaenda nacho kazini. Jioni kikopo kilirudi cheupe, kimekombwa. Nilikuwa nakigeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti. Nilimwonyesha jirani. Nilimwonyesha hata kinyozi wa kona, ambaye hakuhusika.

"Ulikula chote?"

"Chote, mama. Kilikuwa kitamu."

"Hakikukwama?"

"Hakikukwama."

Tukarudi kliniki nikitembea kifua mbele. Wakampima. Ameshuka tena. Daktari akavuta kiti karibu yangu, na daktari akivuta kiti ujue si habari njema.

"Mama, anakula kweli?"

"Anakula. Kikopo kinarudi cheupe, ninakiona kwa macho yangu."

"Basi kuna ugonjwa mwingine ambao hatujauona. Kama chakula kinaingia na mwili haukipati, itabidi tumwingizie kamera tumboni, tumpime na vitu vingine vikubwa."

Alivitaja hivyo vikubwa. Kimoja nilikijua, kilimchukua dada yangu. Bonge alikuwa amekaa kando yangu, anatazama viatu vyake. Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama wa mtoto wa shule, nami nikaanza kuomba kimoyomoyo, nikichanganya sala na hesabu ya samaki niliokwisha ponda.

Juzi akaondoka haraka, akasahau kikopo mezani. Nikasema haiwezekani, mtoto mgonjwa ashinde bila chakula kwa uzembe wa kusahau. Nikajifunga kitambaa, nikakipakata kikopo, nikaenda kiwandani. Mlinzi wa getini akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia bomu la samaki, akanipitisha.

Sikuwahi kuingia kantini ile. Mvuke umejaa, masufuria yanapiga kelele, na foleni imefika mpaka nje. Bonge alikuwa dirishani, upawa mkononi, anawapakulia watu wali kwa mkono ule mwembamba na kuwajibu mizaha yao bila kuinua uso. Kila sahani ilikuwa kifusi. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikimtazama, nikaona fahari na uchungu pamoja.

Mwanamke mmoja, yule anayeosha masufuria, akanyanyuka kutoka kwenye karo, povu limefika viwikoni. Alikuwa amenawiri, mashavu yanang'aa. Akaona kikopo, akafuta mikono kwenye aproni.

"Shikamoo bibi. Wewe ndiye mama yake?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Basi leo nimekuona. Mungu akuzidishie. Nilipoona dada amekuja mikono mitupu nikajua leo nashinda njaa." Akanyoosha mkono kupokea. "Samaki wako mtamu, bibi. Chumvi tu uongeze kidogo."

Bonge aligeuka. Upawa ulibaki hewani, wali unadondoka juu ya kaunta, na yule wa mbele kwenye foleni akiwa amenyoosha sahani yake bure.

"Mama," akasema, "ni jana tu nilimpa. Nilikuwa nimeshiba."

Mwosha masufuria akamtazama kwa mshangao, bila ubaya wowote moyoni.

"Jana, dada? Si tangu siku ya kwanza ulipokuja na kikopo? Hata ladha yake huijui, siku ile si uliniuliza ili ukamwambie mama?"

Foleni ikaanza kugonga sahani. Mimi nikabaki na kikopo mkononi, mikono miwili imenyooka mbele yangu, mmoja wa sabuni na mmoja wa mwanangu, sijui nimpe nani.