Chupa Iliyojazwa Hadi Shingoni

Kipande cha filamu cha majaribio kilipaswa kutoka kwenye dawa ya kusafishia picha kikiwa cheusi kama masizi. Kilitoka kijivu. Mpiga picha akakiinua dirishani, akakichovya tena, kana kwamba dawa ni shahidi mkaidi wa kuulizwa mara mbili. Kijivu kilekile.

"Kaka!"

Kaka yake akatokea na kitambaa cha vumbi begani, uso mkunjufu wa mtu anayesubiri shukrani. Ndiye aliyelinda studio dada yake alipokuwa hospitalini akimuuguza mama yao.

"Nani kagusa chupa hii?"

"Mimi. Ilikuwa imepungua. Si wewe unayesema isiachwe na nafasi, hewa inaua dawa? Nikaijaza hadi shingoni."

"Ukaijaza nini?"

"Maji. Tena ya kuchemsha!"

"Natumbukiza gololi, kaka! Gololi, dawa ipande yenyewe! Bakuli zima liko mezani, ulidhani nacheza na nani?"

"Nilidhani za watoto wa wateja."

Angekuwa mtu mwingine, angecheka. Lakini mama alikuwa anazikwa kesho, dawa nyingine haikuwapo mji mzima, na ndani ya kopo la kusafishia lililokuwa mezani mlikuwa na filamu pekee ya mwanamke aliyeikimbia kamera maisha yake yote. Alikubali siku moja tu, kando ya dirisha la wodi: "Piga, kisha uniache."

Dawa nzito ndiyo iliyompa mpiga picha jina. Nyuso zake zilitoka laini kama maziwa. Dawa iliyotiwa maji ingetaka muda mrefu zaidi, na chenga, vile vidoti vya filamu, zingesimama kama unga usiochekechwa.

"Mara moja tu kakaa mbele yangu," alisema, "na wewe ukamtia maji!"

"Ni mama yangu pia," kaka akajibu taratibu.

Jibu hilo lilimkera kuliko maji. Alimfungia mlango, akamimina dawa, akaongeza dakika kwa kubahatisha. Alilipindua kopo huku akimtukana kimoyomoyo, yeye na wema wake usiouliza.

Filamu ilipokauka, alichapa picha. Chini ya taa nyekundu uso ukaibuka kwenye sinia, na chenga zikaibuka nao, zimejaa mashavuni, hazina haya. Akafungua kinywa amwite kaka aje aone alichofanya.

Hakuita. Lile lilikuwa shavu kavu, lenye mikwaruzo, lililokuwa likibanwa kwenye paji lake utotoni kupima homa. Kwa dawa yake nzuri angelilainisha, na watu wangemsifu.

Hasira haikuondoka. Ilibaki imesimama, haijui ikae wapi.

Akafungua mlango. Kaka aliingia akinyata, akainama juu ya sinia, akanyoosha kidole.

"Ishike pembeni," dada alisema. "Usimguse uso."