Bodi ya Sauti ya Baba

Baba yangu hakuwa amemwambia Mama asante tangu Februari mwaka jana. Madaktari walimpasua koo, wakatoa uvimbe, na sauti ikaenda nao. Ni sauti iliyouza mitumba Jogoo Road miaka ishirini na sita. Ukiwa mtaa wa Mbotela ulijua kama Baba, yule Nyongesa wa mitumba, leo amefungua bale ya mashati au ya suruali kabla hujamwona.

Tangu hapo anaandika kwenye daftari la miraba, lile la hesabu za watoto. Ameandika kwamba chai imepoa, kwamba mhubiri alirefusha, kwamba mimi nina hasira za karibu. Lakini kwa Mama, aliyemlisha uji kwa mpira wa puani miezi minne, hakuandika hata neno moja la shukrani. Siku moja nikamuuliza kwa ukali, "Baba, kwani asante ina herufi ngapi?"

Akachukua kalamu. "Hiyo siandiki. Nitaisema."

Lawama ikanirudia, maana mimi ndiye niliyemwahidi kwamba atasema. Nilikuwa nimemwambia, "Baba, nitakutengenezea kidude, utachapa maneno, nacho kitayasema kwa Kiswahili." Naye akaamini, akawaalika jamaa kwa maombi ya shukrani Jumamosi saa nane.

Alhamisi kidude kilikuwa bado bubu.

Programu niliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, kwenye laptopu yangu nyumbani kwangu Tassia, na huko ilisema vizuri kabisa. Haikusema kwa akili yangu peke yake. Kazi ya kugeuza maandishi kuwa sauti hufanywa na laibrari, si ile ya vitabu, bali rundo la programu zilizoandikwa tayari ili mwingine asianzie sifuri. Hii yangu iliandikwa na watu nisiowajua, wakaiweka mtandaoni bila kudai chochote. Mungu awabariki popote walipo. Kilichobaki kilikuwa kuhamishia kila kitu kwenye bodi ndogo, kompyuta nzima isiyozidi pakiti ya majani chai, ili Baba atembee nayo.

Nilikuwa na haraka. Nikanakili laibrari kwenye flashi, nikaiweka kwenye bodi, nikakompaili, yaani nikaiamuru bodi igeuze programu yangu iwe lugha ya mashine. Ujumbe ukaja: laibrari haipatani, imerukwa. Chini yake, ujumbe mwingine: laibrari haipatikani. Haipatikani vipi na naiona kwa macho yangu? Nikaandika anwani kamili ya faili, herufi kwa herufi, niilazimishe iione. Nikabadilisha jina. Nikazima, nikawasha. Nikaigombeza kwa Kibukusu. Siku tatu zikaisha hivyo.

Mchana huo wa Alhamisi nikaenda mtaa wa Umoja kwa Mama Imran, fundi wa televisheni, aniunganishie spika. Spika tu. Ushauri sikuutaka, nina diploma.

"Mwanangu, mbona umeukunja uso hivyo?"

"Ni hii programu, Mama Imran. Imekataa tu. Laibrari iko hapo na inasema haiko."

"Umeitoa wapi?"

"Kwa laptopu yangu. Si ni ileile? Jina moja, kila kitu."

Akavuta televisheni mbili kutoka chini ya meza, akazigeuza. "Nisomee namba za mgongoni."

Zilikuwa namba moja. Akafungua vifuniko. Ndani, bodi zilikuwa mbalimbali kabisa.

"Watu husoma kibandiko," akasema. "Wakatia programu ya hii katika ile, kesho yake waniletea maiti. Mimi kibandiko sikiamini. Nafungua, nasoma bodi. Wewe bodi umeisoma?"

Nilitaka kumjibu kwamba hii si televisheni, kisha nikakumbuka kitu. Kuna amri ya kuuliza faili limejengewa prosesa gani, yaani ubongo gani wa kompyuta. Naijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Nikaichapa. Laibrari ilikuwa ya prosesa ya Intel, kama laptopu yangu. Nikaiuliza bodi yenyewe: ARM, jamii ya prosesa za simu. Nilikuwa nimeiletea bodi chakula isichoweza kutafuna, halafu nikaitukana kwa kutokula.

"Sasa wafanyaje?" akauliza.

"Nachukua mtandaoni maandishi ya asili ya hii laibrari. Naijenga upya hapahapa kwenye bodi."

"Basi jenga. Stima ipo."

Ilichukua muda. Mama Imran akamaliza spika, akaenda kuswali alasiri, akarudi. Nikakompaili programu yangu. Ikakataa tena, kwa faili lilelile! Machozi yakaja, ya hasira zaidi ya huzuni.

"Ile ya zamani umeitoa?" akauliza taratibu.

Sikuwa nimeitoa. Na ile anwani niliyoiandika kwa hasira ilikuwa bado inaielekeza programu huko. Nikaifuta laibrari ya zamani, nikaandika anwani ya mpya, nikaanza upya. Hakuna kosa. Nikachapa maneno mawili, na spika ikasema, "Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu," akaitika Mama Imran, kabla hajatambua ni nani aliyemsalimu.

Tulicheka hadi jirani wa viatu akachungulia. Nikamwambia asante. Nilipofika mlangoni nikarudi kumwambia tena, na ninaandika haya kwa sababu naona bado haijatosha.

"Nenda," akasema. "Mzee wako alinichagulia mashati ya Imran miaka yote, hakunipa lililotoboka hata moja. Mpelekee sauti."

Jumamosi nyumba ilijaa. Shangazi alitaka kuanza na wimbo, Baba akainua mkono. Akaiweka bodi magotini na kuchapa kwenye vitufe nilivyoiunganishia, kwa kidole kimoja, polepole mno, chai zikipoa vikombeni. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, sinia mkononi. Baba akabonyeza.

"Marion, asante kwa uji," ikasema ile sauti. "Hata siku ulizosahau sukari, niliuonja kwa pua."

Watu wakaangua kicheko, kwa kuwa huo ulikuwa utani wake mwenyewe, na hakuna aliyemsomea kutoka daftarini. Mama hakucheka. Aliliweka sinia chini.

"Rudia," akasema.

Baba akabonyeza, na sauti ikarudia neno kwa neno. Mama akaja, akaketi kando yake, akaniuliza ni kitufe gani. Mara ya tatu alikibonyeza mwenyewe.