Ruhusa ya Kuangalia Tu

Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, fundi wa kompyuta wa ofisi ya maji alikuwa amekaa maabara akilinganisha programu tatu za kuingilia kwenye mashine za ofisi ukiwa mbali. Meneja alikuwa na goti bovu, na ngazi za ofisi zilikuwa thelathini na mbili. Alitaka afanye kazi akiwa kwake, mguu juu ya stuli, bila mwizi wa mitandaoni kupenya nyuma yake. "Nichagulie iliyo salama," alisema, "uzuri wake haunihusu." Fundi alichora jedwali kwenye karatasi. Majina ya programu zenyewe yalikuwa marefu na ya kujisifu, kwa hiyo aliziita Ya Zamani, iliyokuwemo ofisini tayari, Ya Bure na Ya Bei. Pembeni aliandika maswali: inafichaje kinachopita njiani, inamtambuaje anayeingia, inakwama mara ngapi, inabeba watu wangapi kwa wakati mmoja.

Kompyuta ya maabara aliichagua kwa majaribio kwa sababu haikuwa na mtu tangu mpimaji wa maji afariki, miezi mitano nyuma. Mpimaji huyo, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Vipimo, alikuwa mke wa fundi. Kiti chake bado kilikuwa na mto alioutoa nyumbani kwa ajili ya kiuno. Fundi alikalia kiti kingine.

Saa nne na dakika kumi kishale kwenye skrini kilitembea chenyewe. Kwanza kilikwenda kona ya chini kushoto kikatulia kidogo, kama mtu anayeweka mkoba kabla ya kukaa. Kisha kikafungua faili la matokeo ya wiki, kikashuka hadi mstari wa Tangi la Mlimani, penye hesabu ya vijidudu vya kinyesi, palipoandikwa 0. Sifuri ikafutwa. Pakaandikwa 61, tarakimu moja, halafu nyingine, kwa mwendo wa mtu anayeandika kwa kidole kimoja. Faili likahifadhiwa mara mbili. Bi Vipimo hakuwahi kuamini kuhifadhi mara moja.

Fundi aliangalia orodha ya walioingia. Jina lilikuwa la mke wake, nenosiri lilikuwa sahihi, na sehemu ya mahali alipotokea ilikuwa tupu. Akachukua kalamu, akaandika chini ya Ya Zamani: "Mawasiliano mazuri. Hayakwami."

Karani wa masjala aliingia kutafuta stepla, akatupia jicho skrini.

"Ni yeye huyo?"

"Ni yeye."

"Anakuja kila siku?"

"Naona siku za kazi tu."

"Jumamosi alikuwa hazipendi," karani alisema. "Kumbe ndiyo maana! Mimi kila saa nane mchana narudisha sifuri kama nilivyoagizwa, kesho yake naikuta sitini na moja. Nikasema labda nibadilishe miwani." Alipata stepla yake akaenda zake.

Hiyo sitini na moja haikuwa ngeni. Alipokuwa hai, Bi Vipimo aliyapima maji ya tangi la mlimani mara nne, na mara zote nne aliyakuta machafu, kwa sababu bomba la majitaka lilikuwa limepasuka chini ya barabara mpya, hatua chache tu kutoka bomba la tangi. Kwa maji ya kunywa hesabu inayokubalika ni sifuri. Kuufikia ule ufa kulitaka barabara ichimbuliwe, na barabara hiyo meneja mwenyewe ndiye aliyeikatia utepe. Picha yake akiwa na mkasi ipo mapokezi. Basi meneja aliandika sifuri. Karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa nje, watu wa mlimani wakaisoma, wakaridhika. Bi Vipimo aliibandua mara mbili, na mara mbili ikabandikwa nyingine. Kisha alikwenda kumuuguza mama yake, anayeishi huko huko mlimani, akarudi na homa, na siku ya tisa akafa. Daktari aliandika homa ya matumbo, akauliza marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi. Fundi akamwambia. Daktari akaliandika na hilo, na faili likafungwa.

Jumanne fundi alijaribu Ya Bure. Hii haitaki nenosiri, inataka ufunguo wa siri uliohifadhiwa ndani ya kompyuta ya anayeingia. Bi Vipimo hakuwa na kompyuta tena. Ile ya nyumbani walipewa ndugu zake wakati wa kugawa vitu. Saa nne na dakika kumi aliingia, na programu ikaandika kwamba ufunguo umekubaliwa.

Jumatano ilikuwa zamu ya Ya Bei. Hii ni kali. Ukishatoa nenosiri inakutumia tarakimu sita kwenye simu, na bila hizo huvuki. Simu ya Bi Vipimo ilikuwa nyumbani, kwenye droo ya kabati la vyombo. Fundi aliichaji kila Jumapili na kuiwekea salio dogo laini isije ikafungwa, na ndugu walipouliza alisema ni kwa ajili ya picha. Saa nne na dakika kumi kishale kilifika, kikaweka mkoba wake, kikaanza kazi. Fundi aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye droo. Ujumbe wa tarakimu sita ulikuwa umeingia saa nne na dakika tisa. Ulikuwa umeshasomwa. Alikaa sakafuni pale jikoni akalia kilio ambacho msibani hakikumtoka.

Alhamisi alifungua ukurasa mtupu kabla mke wake hajafika, na alipofika akaandika: "Ni wewe?"

Kishale kikaandika: "Nani mwingine. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo."

Fundi akacheka peke yake, kwa sauti, mpaka karani akachungulia mlangoni. Chini yake yalikuwa yameshatokea maneno mengine.

"Mama anakunywa maji gani?"

"Nampelekea dumu kila Jumamosi. Nakinga huku kwetu."

"Na jirani zake je?"

Fundi aliandika "Nitaona," akafuta. Aliandika "Mwenzangu," na hilo akaliacha. Halikufuatwa na lolote. Bi Vipimo alirudi kwenye faili lake, akaandika 61, akahifadhi mara mbili. Saa saba kishale kilikwenda kwenye kona, kikaondoka.

Ijumaa meneja aliijaribu Ya Bei akiwa kwake, na saa nne na robo akapiga simu.

"Fundi, humu ndani kuna mtu. Mimi naandika sifuri, yeye anafuta."

"Ni Bi Vipimo, bosi."

"Si tulimzika?"

"Tulimzika, bosi. Wewe ulitoa hotuba."

"Sasa nani kampa ruhusa?"

Hakuna aliyempa, ila pia hakuna aliyemfuta. Kwa utaratibu wa ofisi hiyo, fomu ya kumwondoa mtumiaji husainiwa na mtumiaji mwenyewe siku anayoacha kazi. Ya Bi Vipimo ilikuwa imekaa miezi mitano kwenye trei ya masjala ikisubiri saini yake. Fundi alieleza hivyo, na meneja akakubali kwamba utaratibu ni utaratibu.

"Lakini Jumatatu nataka programu isiyomwingiza," alisema. "Na mdomo wako uuchunge. Nikisikia hii namba imefika mlimani, hiyo mashine naing'oa naitupa, tuone ataingilia wapi."

Jumamosi fundi alipanda mlimani na dumu lake la lita ishirini begani. Mlango wa pili kutoka kwa mama mkwe wake aliishi mshonaji, rafiki wa Bi Vipimo tangu usichana, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni na maneno yasiyoisha.

"Shemeji! Wewe unabeba maji kuyaleta kwenye mabomba? Umerogwa, au unatafuta kifua?"

"Tumbo la mama linachagua, shemeji."

"Tumbo la kizungu hilo. La kwangu linapokea chochote, we niangalie lilivyonona." Alifungua bomba la uani, akakinga kikombe, akanywa chote kwa mkupuo mbele yake, akafuta mdomo kwa kiganja. Fundi aliona koo lake likipanda na kushuka. Neno lilimfika mdomoni, akaikumbuka kompyuta ya maabara, akalimeza. Alijichukia. Alijichukia njia nzima mpaka mlangoni kwa mama mkwe.

"Anasemaje mwanangu?" mama mkwe aliuliza, maana habari za kishale alikuwa nazo, karani alikuwa binamu wa mtu wa huko mlimani.

"Anauliza unakunywa maji gani, mama."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Mama mkwe akamimina maji ya dumu kwenye mtungi wake na kuufunika.

Jumatatu fundi alipeleka jedwali lake nyumbani kwa meneja. Alikuwa ameliandika upya kwa mwandiko mzuri. Alieleza kwamba kumzuia Bi Vipimo kabisa kunawezekana kwa kufunga laini ya simu na kufuta jina, ila akifungiwa mlango huu hakuna ajuaye atatokea wapi, pengine kwenye kompyuta ya makao makuu. Hilo la makao makuu alilitunga barabarani. Ya Bei, aliendelea, ina ngazi za ruhusa. Mtu unaweza kumpa ruhusa ya kuangalia tu.

Meneja alikuna goti lake.

"Yaani aje, aone, asiguse?"

"Asiguse chochote, bosi."

"Hapo umenena. Marehemu lazima aheshimiwe." Akasaini.

Fundi alishuka kutoka kwa meneja roho kwatu. Atakuja, alijiambia, kila siku atakuja, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta tangu mwanzo. Aliweka alama kwenye kisanduku cha kuangalia, akaondoa ile ya kuandika, akafunga.

Kesho yake saa nne na dakika kumi kishale kilifika. Kikaweka mkoba. Kikafungua faili, kikashuka hadi kwenye sifuri, kikabonyeza. Sifuri ikabaki. Kikabonyeza tena, na tena. Fundi alifungua ukurasa mtupu upesi upesi akaandika: "Nisamehe. Wangekufungia kabisa. Unanisikia?" Kishale kilitoka kwenye sifuri kikaja kwenye ukurasa, kikapita juu ya maneno yake, neno kwa neno, kikasimama mwisho wa mstari mahali pa kujibia. Kikasimama hapo. Fundi alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi hiyo, na hakulifikiria hilo: asiyeruhusiwa kuandika sitini na moja haruhusiwi pia kuandika "Umekula?"

Ikawa hivyo wiki nne. Asubuhi kishale kilikuja, kikakaa pembeni ya sifuri hadi saa saba, kikaondoka. Karani alifurahi kwa kupunguziwa kazi. Wafanyakazi walipita na kusalimia skrini, "Habari za huko, Bi Vipimo," na fundi alimwandikia kila siku habari za nyumbani, kwamba mwiko wa ugali umevunjika, kwamba amepunguza sukari, kwamba mama hajambo. Za jirani hakuandika.

Jumamosi ya tano alipopanda na dumu, uani kwa mshonaji kulikuwa na viti vya kukodi, na wanawake walikuwa wakikinga maji ya chai kwenye bomba. Homa, walisema. Siku kumi hata hazikutimia. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na chini ya sindano lilikuwa limebaki gauni la mtu.

Jumatatu saa nne na dakika kumi vilifika vishale viwili. Cha kwanza kilikwenda kwenye kona kama kawaida. Cha pili hakikujua pa kukaa; kiliruka ruka kwenye mistari ya jedwali kwa hatua fupi zilizolingana, nukta baada ya nukta, mshono ulionyooka kabisa, mpaka cha kwanza kilipokifuata na kukiongoza taratibu hadi Tangi la Mlimani. Vikasimama pamoja, kimoja kulia kwa sifuri, kingine kushoto.

Fundi alipiga simu kwa meneja, kwa sababu mtumiaji mpya ni lazima aidhinishwe.

"Mwingine?" meneja alisema. "Mpe kama ya mwenzake. Hivi hii programu inabeba watu wangapi kwa wakati mmoja?"

Fundi aliliangalia jedwali lake. Lilikuwa swali la mwisho, na alikuwa amelijibu vizuri.

"Mia mbili, bosi."

Upande wa pili meneja alisikika akihesabu nyumba za mlimani kwa sauti ya chini.

"Basi haina shida," meneja alisema. "Watatosha."

Fundi akakata simu, akaweka alama kwenye kisanduku cha kuangalia tu. Kisha akaenda masjala kuchukua kiti cha tatu.