Ukurasa wa Mama Jemutai

Nderitu hakuwa mtu wa kuamini mtu, na mwaka ule wa 1972 alijiona ana kila sababu. Kampuni ya kununua mashamba aliyokuwa mwanachama wake ilikuwa imenunua shamba la mzungu nje ya Eldoret, na Jumamosi vipande vingegawanywa kwa kura. Kila mtu angetia mkono kwenye kofia na kutoka na bahati yake. Ila aliyekuwa na kaburi la mtu wake pale, tangu enzi za ukibarua, angeachiwa kipande hicho bila kura, mradi apate shahidi asiye wa ukoo wake.

Mama yake Nderitu alizikwa kando ya bwawa mwaka 1943, bila msalaba wala jiwe, maana mzungu hakutaka makaburi shambani mwake. Shahidi alibaki mmoja tu, Mama Jemutai, aliyekamua ng'ombe pamoja na marehemu. Naye alikuwa amefariki mwezi uliopita.

Ndipo akaja Mwalimu Jelagat. Alikuwa wa Kumbukumbu za Sisibo, kikundi kilichojipa jina ambalo wazee waliuita mji wa Eldoret. Walizunguka wakiandika habari za zamani kabla wenye kuzijua hawajaisha, tena bila malipo, na hilo ndilo lililomkera Nderitu zaidi. Mtu asukume baiskeli kwenye matope yote yale kufuata hadithi, bure? Thubutu!

"Mzee, ulifika hapa lini?" Jelagat aliuliza, daftari magotini.

"Zamani."

"Na ulikuta nani?"

"Nilikuta watu."

Moyoni alijiambia kwamba anayekuuliza ulikuja lini anataka kujua utaondoka lini.

Mkewe Wahu akamwita mwalimu jikoni anywe uji, na daftari likabaki kwenye kiti. Nderitu akalifungua. Jelagat aliandika maneno ya kila mzee kwa lugha aliyoyasemea, na ukurasa aliouangukia Nderitu ulikuwa wa Kinandi, lugha ambayo yeye aliijua kwa salamu tu. Aliambulia majina: Jemutai. Nderitu. Chini yake kulikuwa na mchoro wa bwawa, na mshale.

Damu ikamchemka. Juzijuzi tu alimwona Kipkorir, mwana wa Jemutai, akizungukazunguka pale bwawani. Kumbe mama mtu alikuwa amewaachia wanawe kipande chake Nderitu kwa maandishi! Angeweza kuuliza, mwalimu alikuwa hapo jikoni. Lakini mwenye shaka haulizi, kwa kuwa jibu lolote ataliita uongo. Akauchana ukurasa, akautia mfukoni, na mwalimu alipoondoka akautupa motoni. Akajiona mjanja.

Jumamosi, kofia ikiwa tayari mezani, Jelagat alifika mbio, anahema.

"Mzee, hii maneno ya shahidi nimeisikia jana tu! Mama Jemutai aliniambia yote, vile walimzika mama yako. Hata kabla afe aliagiza Kipkorir anionyeshe mahali. Nimeongea na kamati, wamekubali niwasomee, bora iwe maneno yake mwenyewe kwa maandishi."

Akafungua daftari. Akapekua mbele, akapekua nyuma, mpaka kidole chake kikagusa mabaki ya karatasi iliyochanwa. Akainua macho, akamtazama Nderitu. Nderitu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Tuendelee," mwenyekiti akasema.

Kipande cha bwawa kilimwangukia Ndungu, kijana mwenye duka mjini, mtu wa watu asiye na ubaya na yeyote. Jumatatu alikuwa pale na jembe, akipima mahali pa choo. Nderitu alimwona kutoka mbali, akakimbia akimpungia mikono.

"Usichimbe hapo! Mama yangu yuko hapo!"

Ndungu akaegemea jembe. Akatazama nyasi, nyasi tupu. Kisha akamtazama mzee kwa jicho la pembeni.

"Mzee, nimekujua wewe. Unataka tu hii shamba yangu," akasema, akainua jembe.